Mboga za Gishubi katika Karai la Askari

Mwezi wa Aprili mwaka 2009, katika mji wa Mogadishu, askari wa kikosi cha kulinda amani cha Umoja wa Afrika walianza kuvimba miguu. Hawakuwa wamejeruhiwa. Vipimo vya kwanza vya madaktari havikuonyesha ugonjwa wa kuambukiza, wala sumu ya aina yoyote. Hata hivyo vijana waliokuwa na nguvu za kubeba bunduki na mzigo kutwa nzima walijikuta miguu imefura na pumzi zimewaishia. Hadi kufikia mwanzo wa mwezi wa Mei mwaka 2010, askari 241 walikuwa wamepatwa na uvimbe huo. Wasiopungua 52 walisafirishwa kwa ndege kwenda hospitali za Kenya na Uganda, na wasiopungua 4 walikufa.

Wakati ule kikosi hicho kiliundwa na askari wa nchi mbili, Uganda na Burundi.

Ugonjwa ule ulikuja kutambulikana kuwa ni beriberi, nao hutokana na upungufu wa vitamini B1, ambayo wataalamu huiita thiamini. Wagonjwa walipopewa thiamini walipata nafuu kwa kasi iliyowashangaza waliowauguza. Na wachunguzi walipopekua maisha ya wagonjwa, waliona mambo mawili. Waliougua walikuwa aghalabu wale waliokula chakula cha posho peke yake, bila kuongeza kitu chochote kilichopatikana mahali pale. Tena wengi wao walikuwa katika vituo vya hatari, ambavyo vilishambuliwa kwa risasi kila siku, mahali ambapo haikuwa rahisi kutoka na kwenda kutafuta kitoweo. Thiamini ikagawiwa pia kwa askari wazima, idadi ya wagonjwa ikapungua, na hapakuripotiwa vifo tena.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, adui yule alipitia katika sahani. Ndiyo maana leo tunaomba nafasi ya kuzungumza na askari na polisi juu ya jambo ambalo wengi hulidharau, nalo ni mboga za majani, na hasa namna ya kuzikaanga upesi katika karai pamoja na vitu ambavyo nchi zetu za Afrika Mashariki zimejaliwa kuwa navyo. Makala haya hayashiki nafasi ya daktari. Yanamhusu mpishi, na yule anayemletea mpishi vyakula, na yule anayesubiri katika foleni na sahani yake mkononi.

SI MARA YA KWANZA

Wanajeshi wa nchi nyingine walikwisha kulipa gharama ya somo hili zamani. Katika mwaka 1883 meli ya kivita ya Japani iliyoitwa Ryujo ilirudi kutoka safari ndefu ya mafunzo. Ilikuwa na mabaharia 376. Kati yao 169 waliugua beriberi na 25 walikufa, na chakula chao kikubwa kilikuwa wali mweupe. Daktari wa Jeshi la Majini, Takaki Kanehiro, akaomba meli ya pili, Tsukuba, ipelekwe mwaka 1884 kwa njia ile ile, lakini posho ibadilishwe na kuongezwa nyama, maziwa na mkate. Meli ile ilirudi bila kifo hata kimoja cha beriberi.

Takaki mwenyewe hakujua habari za vitamini, kwa kuwa zilikuwa bado kugunduliwa. Alichokijua ni kwamba askari anayeshibishwa chakula cha namna moja tu anaweza kushiba na bado akafa. Jeshi la Nchi Kavu la Japani lilichelewa kulikubali fundisho hilo, na katika vita dhidi ya Urusi vya mwaka 1904 na 1905 lilipoteza askari zaidi ya 20,000 kwa beriberi.

MLIMA ANAKOTOKA ASKARI

Sasa tuitazame Gishubi, kwa kuwa milima ya namna hiyo ndiyo inayotoa askari na polisi wengi wa Burundi. Gishubi ni tarafa ya mkoa wa Gitega, kusini mwa mji wa Gitega, katika nyanda za juu za katikati ya nchi. Huko watu hawakai katika vijiji vilivyosongamana. Kila nyumba ina shamba lake mlimani, na migomba imeizunguka kama ua. Chini ya migomba utakuta maharage, na mbele kidogo viazi vitamu na mihogo. Karibu na jiko, mahali wanapotupa majivu na samadi, lengalenga huota hata bila kupandwa.

Mtoto wa mlima huo amekua akila majani. Amekula lengalenga, amekula isogi ambayo Watanzania huiita mgagani, amekula majani ya maharage na sombe ya mihogo. Hakuyahesabu kuwa ni anasa wala dawa, kwani yalikuwa chakula cha kawaida cha nyumbani. Lakini anapoingia jeshini au katika polisi, aghalabu mboga hizo humtoka. Anakutana na sufuria kubwa, ugali au wali, na maharage. Majani yakija, huja yamechemshwa tangu asubuhi mpaka yakapoteza rangi, ladha na jina.

Natuchukue mfano wa koplo aliyerudi nyumbani kwa likizo. Mama yake anamtazama kwa muda, halafu anamwuliza:

"Mwanangu, mbona umekonda hivi? Huko kambini hamli?"

"Tunakula, mama. Wali na maharage kila siku, na nyama mara moja moja."

"Na mboga?"

"Mboga ipo, mama, ila hutiwa motoni alfajiri na kuliwa saa nane."

"Hiyo siyo mboga tena, mwanangu. Hayo ni maji ya kuoshea chungu."

Mama huyo hakusoma vitabu vya lishe, lakini amesema kweli tupu. Naam, kosa halikuwa katika lengalenga. Lilikuwa katika muda mrefu mno wa kukaa motoni.

MCHANGANYIKO NI DESTURI YETU

Wapo watakaosema kwamba kuchanganya mapishi ya huku na huko ni mtindo wa hotelini, na kwamba askari anahitaji chakula cha kwao tu. Lakini tukikichunguza hicho "chakula cha kwao" tutaona kwamba kimesafiri safari ndefu. Maharage, mihogo, viazi vitamu, nyanya, pilipili na karanga vyote asili yake ni Amerika. Kitunguu kilitoka Asia. Mchikichi unaotoa mawese ulitoka Afrika ya Magharibi. Vilivyo vyetu tangu zamani ni vitu kama isogi, na ndagala wa Ziwa Tanganyika. Wazee wetu walivipokea vile vigeni, wakavijaribu, wakavifanya vyao, na leo hapana anayekumbuka kwamba vilikuwa wageni.

Hata mji wa Gitega wenyewe una historia ya namna hiyo. Wajerumani walianzisha kituo chao pale mwaka 1912, na pamoja nao walikuja askari na wachuuzi waliozungumza Kiswahili. Lugha hii ilipanda milima ya Burundi pamoja na msafara, na katika msafara hapakosekani mpishi. Mpaka leo utaisikia katika masoko ya Gitega, ya Muyinga na ya Bujumbura, mahali ambapo watu hubadilishana vitunguu, samaki na habari.

Zaidi ya hayo, askari wa nchi zetu wamekwisha kuwa majirani katika kazi. Walikutana Somalia. Kati ya Novemba mwaka 2022 na Desemba mwaka 2023 walikutana tena mashariki ya Kongo katika Kikosi cha Jumuiya ya Afrika Mashariki, kilichokuwa na askari wa Burundi, Kenya, Uganda na Sudan Kusini. Mrundi akisema lengalenga, Mtanzania atasema mchicha, Mganda atasema dodo, na Mkikuyu wa Kenya atasema terere. Wote wananyoosha kidole kwenye jani lile lile. Ikiwa mboga ni moja, kwa nini maarifa ya kuipika yasiwe shirika?

KILA JIRANI NA UJUZI WAKE

Mkenya ametufundisha kukata. Sukuma wiki yake huikunja majani pamoja kama sigara kubwa, akayakata membamba kama nyuzi, ili yaive kwa dakika chache juu ya kitunguu na nyanya. Jina lenyewe linaeleza kazi yake, kwani mboga hiyo ya bei nafuu ndiyo inayomsaidia mtu wa kipato kidogo kuisukuma wiki mpaka mwisho.

Mtanzania ametufundisha karanga. Huzikaanga, huzitwanga, huzitia katika mchicha, na mboga iliyokuwa nyepesi ikawa kitoweo kamili. Watu wa pwani wakaongeza tangawizi na ndimu.

Watu wa Imbo, kule Rumonge na Nyanza-Lac, pamoja na ndugu zao wa Kongo ng'ambo ya ziwa, wametufundisha mawese mekundu na ndagala waliokaushwa. Ndagala ni samaki mdogo, lakini huliwa mzima na mifupa yake, hivyo mtu hupata nyama na chokaa ya mifupa kwa pamoja.

Mchina naye ametuonyesha moto. Baina ya mwaka 1970 na 1975 maelfu ya Wachina walijenga pamoja na Watanzania na Wazambia reli ya TAZARA, kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi, na katika kambi zao walilima bustani za mboga. Desturi ya mapishi yao ni chombo kipana chenye tako la mviringo, moto mkali, mafuta kidogo, na mkono usiochoka kugeuza. Kabichi ya Kichina imekwisha kuwa mwenyeji katika masoko ya Tanzania, na watu wameifupisha jina wakaiita "chainizi". Na chombo chao hakina tofauti kubwa na karai letu, lile ambalo kila siku hutumika kwa maandazi na samaki.

Chukua basi lengalenga ya Gishubi, uikate kwa mkono wa Mkenya, uigeuze kwa moto wa Mchina, katika mawese ya Rumonge, pamoja na ndagala wa ziwani, karanga za Mtanzania na ndimu ya pwani. Hicho ndicho chakula tunachokizungumza.

KWA NINI TUKAANGE UPESI

Sababu ni nne, na zote zinamhusu askari.

Kwanza, vitamini C huharibika kwa moto wa muda mrefu na huyeyukia katika maji. Mboga ikichemshwa saa nzima na maji yake yakamwagwa, mpishi amemwaga chakula na kugawa makapi. Kukaanga kwa dakika tatu au nne hakumalizi vitamini hiyo.

Pili, majani ya kijani yana kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A, na kitu hicho hakipokelewi vizuri tumboni bila mafuta. Mawese mekundu yenyewe yamejaa kitu hicho hicho, na ndicho kinachoyapa rangi. Mtu aliyepungukiwa sana na vitamini A huanza kushindwa kuona wakati wa giza. Hakuna haja ya kumweleza mtu wa lindo au wa doria ya usiku maana ya jambo hilo.

Tatu, majani yana madini ya chuma ambayo hujenga damu, lakini chuma cha mimea ni kizito kwa mwili kukipokea. Nyanya na ndimu hukisaidia kuingia. Chai na kahawa, zikinywewa papo hapo pamoja na chakula, hukizuia. Basi chai ingoje saa moja hivi.

Nne ni ile thiamini ya Mogadishu. Hapa hapana budi kusema ukweli bila kupamba. Majani peke yake hayana thiamini ya kutosha. Mtu mzima wa kiume huhitaji kiasi cha miligramu 1.2 kila siku, na akiba ya mwilini haidumu zaidi ya wiki chache. Thiamini hupatikana zaidi katika maharage, katika karanga, na katika nafaka ambayo haikukobolewa, kama dona, ulezi na mtama. Mchele mweupe na unga wa sembe vimepoteza sehemu kubwa ya thiamini mashineni. Kwa sababu hiyo karanga katika karai letu hazikuwekwa kwa ajili ya utamu tu, na maharage ya pembeni hayapaswi kuondolewa. Majani huleta vyake, karanga na maharage huleta vyao, na ndagala huleta vyake. Nguvu ya chakula hiki imo katika kukutana kwao.

NAMNA YA KUPIKA KWA WATU KUMI

Kipimo hiki kinatosha kituo kidogo cha polisi au kikundi cha askari walio mbali na kambi, wenye mbabula moja ya makaa. Tafuta lengalenga kilo 3 pamoja na vikonyo vyake, na usiogope wingi huo, maana itanywea. Tafuta pia ndagala wakavu gramu 250, karanga gramu 300, vitunguu maji vinne, nyanya sita, kitunguu saumu kimoja kizima, tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, pilipili moja au mbili, mawese vijiko vya chakula nane, ndimu mbili na chumvi.

Anza na karanga. Zikaange bila mafuta mpaka zinukie, zimenye, kisha zitwange kinuni ziwe chenga chenga. Usizitwange zikawa uji.

Osha lengalenga kabla ya kuikata, siyo baada yake, ili utomvu wake usiende na maji. Ioshe mara mbili au tatu mpaka mchanga uishe, kisha ikung'ute na kuitandaza ikauke. Hatua hii wengi huiruka, na hapo ndipo wanapoharibikiwa, kwa sababu jani lililolowa halikaangiki, bali hutokota katika maji yake. Tenga vikonyo na majani. Vikonyo vikate vifupi, majani yakunje na kuyakata membamba. Kama lengalenga imekomaa na kuwa chungu, itumbukize katika maji yanayochemka kwa dakika moja tu, uitoe na kuichuja. Ile changa haihitaji hivyo.

Ndagala waoshe upesi kwa maji ya vuguvugu ili kuondoa mchanga, wakaushe. Tia nusu ya mawese katika sufuria, na yakipata moto tia ndagala, uwageuze dakika tatu mpaka wawe wakavu na kuchangamka. Waweke kando. Katika mafuta hayo hayo tia vitunguu, na vikilainika tia tangawizi na pilipili, halafu nyanya. Acha mchuzi huo ujikaze kwa dakika tano au sita. Rudisha ndagala, tia chumvi kwa uangalifu maana samaki anaweza kuwa na chumvi yake, kisha epua.

Sasa pepea makaa yawake barabara na uweke karai. Gawa majani mafungu matatu. Kwa kila fungu tia mawese kidogo na sehemu ya kitunguu saumu, na mara harufu ikitoka tia vikonyo, ugeuze dakika moja, kisha tia majani. Geuza bila kupumzika, ukiyainua kutoka chini kuja juu. Yakinywea yakiwa bado ni ya kijani, yatoe. Haizidi dakika tatu au nne. Usifunike, kwa maana mvuke utayachemsha na kuyafifisha rangi.

Mafungu yote yakiisha, yachanganye na mchuzi wa ndagala, nyunyizia karanga, kamulia ndimu nje ya moto, na uite watu. Chakula hiki huenda na ugali wa dona, na ndizi za kupikwa, au na maharage na viazi vitamu. Hakiwangoji wachelewaji.

KWA JIKO LA KAMBI

Mpishi wa watu 100 atacheka na kusema kwamba haya ni mapishi ya watu kumi. Hakika asizidishe kila kitu mara kumi na kukitia katika sufuria moja. Kilo 30 za majani zikirundikwa pamoja, yale ya chini yataungua, ya katikati yatatokota, na ya juu yatabaki mabichi. Dawa ni kuitenga kazi.

Mchuzi wa nyanya, vitunguu na ndagala haudhuriki kwa kungoja. Uandaliwe katika sufuria kubwa saa moja kabla ya chakula. Karanga zitwangwe asubuhi. Majani yaoshwe na kukaushwa mapema, lakini yakatwe karibu na wakati wa kuyapika, kamwe yasikatwe usiku kwa ajili ya mchana wa kesho. Foleni ikianza kujipanga bwaloni, makarai mawili yawekwe motoni na wapishi wawili wakaange kilo mbili mbili kwa kupokezana, huku wa tatu akichanganya na kugawa. Kwa mpango huo mtu wa mwisho katika foleni atakula mboga ya kijani sawasawa na mtu wa kwanza. Hilo nalo ni sehemu ya nidhamu, maana hakuna kinachovunja moyo wa kikosi upesi kama kuona kwamba sahani za wenzako ni bora kuliko yako.

MAMBO YA KUJIHADHARI NAYO

Sombe isikaangwe upesi kwa namna hii hata siku moja. Majani ya mihogo yana sumu ambayo huondoka kwa kutwangwa vizuri na kuchemshwa kwa muda mrefu bila kufunikwa. Haraka iliyo njema kwa lengalenga ni hatari kwa sombe.

Magadi yasitiwe katika mboga wala katika maharage ili yalainike upesi. Magadi huiua thiamini, na mpishi anayeyatumia hupata wepesi wa kazi kwa gharama ya miguu ya wenzake. Maharage yalowekwe usiku, yatalainika yenyewe.

Mawese yasiachwe motoni mpaka yawe meupe na kutoa moshi. Rangi ile nyekundu ndiyo mali yenyewe. Yakipauka, umebakiwa na mafuta matupu.

Majani ya kando ya barabara kuu, na yale yaliyoota penye maji machafu au mahali palipopulizwa dawa ya wadudu, yaachwe hata kama yamenawiri.

BUSTANI NYUMA YA KITUO

Askari aliye mbali na soko atauliza, nitayapata wapi majani hayo? Jibu ni kwamba lengalenga ni miongoni mwa mazao yasiyomchosha mtu. Mbegu zake ni ndogo mno, hivyo huchanganywa na mchanga mkavu kabla ya kuzimwaga katika tuta lililotiwa samadi. Baada ya wiki tatu au nne huanza kuvunwa. Sukuma wiki huchelewa zaidi, lakini ikishika huchumwa majani ya chini kwa miezi. Mahali penye uhaba wa ardhi, gunia lililojazwa udongo au ndoo iliyotoboka chini hutosha kuanzia.

Wakulima wa Burundi huugawa mwaka katika misimu ya Agatasi, Impeshi na Ici. Katika miwili ya kwanza mvua hulisaidia tuta. Katika Ici, wakati milima imekauka, wakulima hushuka kulima mabondeni penye unyevu. Kituo kisicho na bonde kitumie maji yaliyokwisha kuoshea mboga na vyakula, maana hayo nayo ni mali.

Majirani zetu wa Tanzania walilitambua jambo hili zamani. Mwaka 1973 waliendesha kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai, watu wakikaa katika vikundi kusikiliza redio na kujadiliana juu ya lishe. Jina la kampeni ile ya pili lingefaa kuandikwa juu ya mlango wa kila jiko la kambi.

WAJIBU WA KILA MMOJA

Mkuu wa kikosi anapokagua silaha, hukagua kama bunduki imesafishwa. Akiingia jikoni, na afunue sufuria vile vile. Aulize majani yametiwa motoni saa ngapi, maharage yamepikwa kwa magadi au bila magadi, unga ni wa dona au wa sembe. Maswali hayo matatu hayahitaji daktari, na majibu yake yatamwambia mengi juu ya nguvu za askari wake baada ya miezi miwili.

Mpishi naye ajue kwamba kazi yake si ya chini. Wale waliougua Mogadishu walikuwa wakila. Hawakulala njaa. Kilichowaponza kilikuwa chakula cha namna moja, siku baada ya siku, mahali ambapo hapakuwa na njia ya kukibadilisha. Panapokuwa na njia, kama ilivyo katika kambi na vituo vyetu vingi, kutokuitumia ni uzembe.

Na wewe askari, ukienda likizo mlimani kwenu, kaa jikoni kidogo kabla ya kuaga. Mtazame mama anavyochuma lengalenga jua likiwa limeelekea kutua, anavyoiosha, na jinsi asivyoiacha motoni. Mwombe akufungie mbegu kidogo katika karatasi. Mfuko wa shati utazibeba bila uzito wowote, na baada ya mwezi mmoja wenzako kumi watakula.